Aina ya Duka la Mama

Mama yangu alikuwa hawezi kumuuzia mtu khanga kabla hajamlisha. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na nautaja mwanzo kwa sababu yote yaliyotokea yametokana nao. Ukija kwetu Ghubra, mtaa wa Maskati, miaka ile ya tisini, kutaka doti moja tu, utavuliwa viatu, utakalishwa kwenye godoro, utaletewa kahawa na vileja, na kama umeingia alasiri basi na vitumbua vya moto. Utaulizwa mama hajambo, shangazi hajambo, yule wa Nizwa ameshajifungua? Khanga zenyewe utaoneshwa baadaye, ushashiba na haraka yote imekwisha.

Wakati huo duka lilikuwa chumba cha uani. Khanga zilipangwa juu ya kitanda cha samadari, doti juu ya doti, na zilikuwa zikiletwa kutoka Unguja na Dar es Salaam kwenye mabegi ya jamaa waliokwenda kutembea. Wanunuzi walikuwa wanawake wa kwetu, yaani Waomani ambao wazee wao walikaa Afrika Mashariki, ambao nyumbani wanasema Kiswahili na Kiarabu wanakichanganya humo humo bila kuomba ruhusa. Mwanamke wa kwetu akiozesha, akizaa, akifiwa, anataka khanga. Kwa hiyo chumba hakikukosa mtu.

Lakini mama alikuwa anataka duka. Duka khasa, lenye mlango wa barabarani na bango juu. Baba yake alikuwa na duka la khanga Unguja mjini, na yeye alipokuwa mtoto akikalishwa juu ya kaunta, anapewa kazi ya kukunja. Bango la babu lilikuwa jeupe, maneno matatu kwa rangi ya kijani, "Duka la Khanga", basi, hakuna jina la mtu wala maua pembeni. Lile duka lilibaki huko pamoja na mengine yaliyobaki, watu wakaja Maskati na masanduku yao. Mama akilisimulia alikuwa akisahau hata chungu kilichopo motoni, na sisi tumekula wali mwingi wa kuungua kwa ajili ya lile bango.

Miye ni mtu wa kupanga. Sipendi kijiko kilale na uma, sipendi soksi zichanganyike, na mtu akiniharibia mpango wangu naropoka kwanza halafu ndio nafikiri. Basi nilipoingia chuo kusoma biashara, nikapata dawa yangu. Mwalimu wetu, Msudani mrefu mwenye sauti ya upole, alituambia kwamba maduka ya rejareja yapo mengi sana lakini yote yanapangika. Yapange kwa bidhaa: ya vyakula, ya nguo, ya vyombo. Yapange kwa ukubwa, au kwa mwenye mali: la mtu mmoja, la washirika, la kampuni yenye matawi. Yapange kwa namna mteja anavyohudumiwa: kuna pale unaposimama mbele ya kaunta ukaonesha kwa kidole, na kuna pale unaposukuma kigari ukajichukulia mwenyewe. Tena unaweza kuyapanga kwa mahali, kwa sababu kuna yenye mlango na kuna yasiyokuwa na mlango kabisa.

Nikapata wazimu. Nikienda suku ya Matrah, yaani sokoni, na mama kununua ubani, sioni soko tena, naona mafungu: kichochoro cha dhahabu, kichochoro cha vitambaa, kile cha manukato. Yule bwana aliyekuwa akija mtaani kwetu na pikapu ya samaki kutoka kijiji cha Yiti, anapiga honi mbili akifungua mlango wa nyuma, nikamwambia mama kwamba yule ni muuza rejareja asiye na duka, wa kutembeza. Mama akasema, "Ati nini? Yule ni muuza samaki, na leo nguru wake mashavu hayana damu." Na pale penye duka kubwa jipya la kujihudumia, ambapo watu walikuwa wakienda familia nzima kwa ajili ya ubaridi tu, nilikuwa nasimama mlangoni nasoma majina ya sehemu kama mtu anayesoma gazeti.

Baba akaniuliza, "Na mimi je? Aina gani?"

"Wewe mteja, baba."

"Mteja asiyelipa," mama akasema kutoka jikoni, na baba akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Duka la mama tu ndilo lililonishinda. Kwa bidhaa, la nguo. Kwa mahali, halina mlango. Kwa huduma, sijui niseme nini, kwa sababu kitabu chetu hakikuwa na fungu la mteja anayelala usingizi baada ya vitumbua akaamshwa kuchagua khanga.

Baba alipostaafu serikalini alimwambia mama, "Sasa chukua hilo duka lako kabla hatujazeeka sote." Mama akapata sehemu ndogo hapo hapo Ghubra, katikati ya dobi na fundi cherehani. Kibali cha mwanzo kilikuwa cha muda, na aina iliyoandikwa ni nguo. Bango la kudumu lingewekwa baada ya mkaguzi wa baladia, yaani manispaa, kuja kuona. Juu ya mlango basi palikuwa na fremu tupu, na mama kila asubuhi alikuwa akisimama barabarani akiitazama, anasema, "Jeupe. Na kijani kile cha majani ya mgomba, si kile cha bendera."

Khanga zikatoka kitandani zikaenda rafuni. Mimi nikazipanga kwa rangi, halafu kwa mapindo, nikawa na raha zangu. Raha hiyo haikufika mbali. Siku ya pili tu nikakuta dele la kahawa kwenye kaunta. Wiki iliyofuata sahani ya visheti. Baadaye nikakuta jiko la gesi nyuma ya pazia.

"Mama! Hili nini?"

"Jiko."

"Naliona kwamba jiko. Duka la nguo hili."

"Na watu wanaonunua nguo hawana matumbo?"

Wateja nao ndio waliozidi kumharibu. Mtu anakula kitumbua cha bure, anasema, "Bibi wee, hivi huuzi? Nitilie kidogo niende navyo." Mama mwanzo akikataa, anaona aibu kumuuzia mgeni chakula. Mwisho akaona aibu zaidi kumnyima. Ndivyo duka la nguo lilivyoanza kuuza vitumbua, na baada ya vitumbua sambusa, na baada ya sambusa bajia na chatine ya nazi.

Hapo ndipo alipoingia Dada. Nasema Dada kwa sababu ndivyo nilivyomwita tangu siku ya kwanza. Alikuwa Mtanzania wa bara, kutoka Morogoro, akifanya kazi za ndani kwa familia moja ya mtaa wetu. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili waliobaki kwa bibi yao, na ada za shule yao zilitoka kwenye mikono yake hapa. Ijumaa alikuwa anapewa ruhusa. Anakwenda kanisani na wenzake, maana makanisa ya Maskati ibada yao kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko, halafu jioni wanapita dukani kwetu kutazama khanga za kuwapelekea mama zao.

Siku moja alimkuta mama anahangaika na mafuta huku wateja wamejaa. Hakuuliza. Alisema, "Shikamoo mama, naomba upishe," akafunga khanga kiunoni, akashika mwiko. Sambusa zake zilikuwa nyembamba, kavu, hazinyonyi mafuta. Mama akaonja moja, akala ya pili. "Mwanangu," akamwambia, "wewe Ijumaa ijayo usinipite." Basi kila Ijumaa jioni Dada akawa anapika nyuma ya pazia, mama anauza khanga mbele, na mimi nipo katikati nimenuna.

Nilikuwa na sababu ya kununa. Mama mmoja wa kwetu alinunua kisutu, ile khanga ya bibi arusi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Baada ya siku mbili akarudi nayo mkononi. Ameishika mbali na pua.

"Nusa," akamwambia mama.

Mama akanusa. Nikamwona uso umembadilika.

"Bibi arusi wetu ataingia ndani ananukia sambusa," yule mama akasema. "Bwana arusi atamwoa au atamla?"

Tulicheka, maana haikuwezekana kutocheka, na mama akampa doti nyingine kutoka nyumbani. Lakini yule alipoondoka, mama yangu alizinusa khanga zote, moja moja, rafu nzima. Zote zimeshika harufu ya mafuta. Babu yangu, aliyekuwa akitia maua ya asumini baina ya doti na doti, angelia.

Mkaguzi alikuja wiki hiyo hiyo. Kijana wa makamo, kanzu safi, kofia imekaa sawa, na alipomsikia mama ananigombeza akaanza na yeye kusema Kiswahili, maana mama yake alizaliwa Pemba.

"Khala," akamwambia, kama Waomani wanavyomwita mtu mzima wa umri wa mama zao, "hili duka la aina gani?"

"La khanga, mwanangu. Karibu, kaa. Umekula?"

Akakaa. Miye nilitaka kupiga kelele. Akaletewa kahawa, akaletewa vitumbua, akala vitumbua, akafuta vidole kwa kitambaa chake. Kisha akalifungua lile pazia, akatazama jiko, akatazama karai, akatazama moshi ulivyopaka dari, akarudi akakaa tena.

"Vitumbua vitamu sana, khala," alisema. "Navyo ndivyo vitakavyokufungia duka."

"Subhanallah! Unanifungia duka kwa Kiswahili?"

"Nakuambia kwa Kiswahili ili nisikufungie kwa Kiarabu. Chagua. Ukitaka nguo, hilo jiko litoke na mpishi asionekane hapa. Ukitaka maakuli, khanga zote zitoke, utie vigae ukutani, sinki, bomba la moshi. Viwili pamoja haiwezekani. Khanga zako zinanuka, na siku moja zitawaka moto."

Alisema kweli, tena alisema kwa adabu, na akatupa mpaka mwisho wa mwezi. Alipofika mlangoni mama akamfungia vitumbua kwenye karatasi. Akakataa. Mama akamshikilia. Akakataa tena, akenda zake karibu anakimbia.

Kwangu mimi halikuwa jambo la kufikiri. Nguo! Ndiyo ndoto ya mama, ndiyo bango jeupe, ndiyo kila kitu. Nikamwambia habari ya jiko imekwisha, Alhamdulillahi, turudi kwenye mpango. Mama akaitikia, "Eeh," lakini ile "eeh" yake ya kuangalia pembeni.

Ijumaa Dada alikuja mapema, wala hakwenda kanisani. Macho yamevimba. Familia aliyokuwa akiifanyia kazi inahamia Salala kwa wazee wao, na huko wana watu wao wa kazi tayari. Viza yake ipo kwao. Wakihama, inafungwa, labda apate kafili mwingine, yaani mdhamini wa viza, wa kumchukua.

"Mtoto wangu mkubwa mwakani anamaliza kidato cha nne," alisema. "Mama, angalau nipate nyumba nyingine. Hata kama ni mbali. Nitakwenda popote."

Mama akapiga simu kwa mashoga zake wote. Kila nyumba ina mtu. Na sisi wenyewe kibali chetu cha mtumishi wa nyumbani kilikuwa na mtu, dada wa Kihindi aliyemwangalia bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa hanyanyuki kitandani. Baba akauliza kwa marafiki zake wa zamani wa kazini. Hakuna. Dada alikuwa anatusikiliza tukipiga simu, anakanda unga wa sambusa, anakanda, anakanda, mpaka mama akamshika mikono.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimpenda yule mtu, nisiseme uongo. Lakini sikuunganisha mambo. Kwangu lile lilikuwa jambo la Dada, na hili la duka lilikuwa jambo la duka, kila moja na fungu lake.

Asubuhi mama alinikuta mezani na karatasi za baladia. Akasema, "Hebu nieleze hizi aina. Polepole, kama unavyotueleza tukiwa hatutaki kusikia."

Nikamweleza. Nilifurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza kuniomba mwenyewe. Duka la nguo la ukubwa ule ni jepesi: rafu, kioo, feni. Mwenye duka anakaa mwenyewe, au anamwajiri mwananchi, mgeni haruhusiwi. Maakuli ni mzigo: vigae, sinki, bomba la moshi, cheti cha afya, tena kama mwenyewe hapiki lazima amwombee kibali mpishi kutoka nje, awe kafili wake, ampe na pa kulala.

"Rudia hapo," mama akasema.

"Wapi? Kwenye bomba la moshi?"

"Hapo pa mpishi."

Nikarudia. Mama akachukua kikombe chake, akamaliza chai iliyokwishapoa, akatoka nje kumwagia maji mpapai wake. Nikaendelea kupanga karatasi zangu.

Siku tuliyokwenda kwa fundi wa mabango, mimi ndiye niliyeendesha gari. Karakana yake ilikuwa nyuma ya Matrah, imejaa harufu ya rangi, mabango yameegemezwa ukutani: vinyozi, wauza matairi, daktari wa meno. Njia nzima mama hakusema kitu, nami nikadhani ni furaha. Watu wengine wakifurahi sana wananyamaza. Nilikuwa nimeshamkatia na kipande cha jani la mgomba kwa jirani, kwa ajili ya kumwonesha fundi ile rangi ya kijani, nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Fundi akauliza, "Niandike nini?"

Mama akasema kwa Kiarabu, wazi kabisa, "Maakuli mepesi."

Nilidhani amekosea. "Mama. Nguo."

"Maakuli."

"Mama!" Nikamvuta mkono, na pale mbele ya fundi, kwa Kiswahili, nikamfokea mama yangu mzazi. "Una nini wewe? Maisha yako yote unaimba wimbo mmoja, bango, bango, bango, leo bango liko mbele yako unaandikisha sambusa?"

Hakukasirika. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeanguka na bado hajajua kama ameumia.

"Khanga zangu nikizirudisha kitandani, zitaoza?"

"Hazitaoza, lakini..."

"Yule mtu akipanda ndege, atarudi?"

Nikautazama ule mfuko wa jani mkononi mwangu.

"Basi. Wewe mwenyewe umenieleza. Khanga haziombewi kibali cha mtu. Sambusa zinaombewa." Akamgeukia fundi. "Andika, mwanangu. Na rangi yoyote."

Nilitoka nje nikalia. Nalisema hivi hivi: nililia kwa hasira, na kwa uchungu wa bango la babu, na katikati ya kulia nikawa najivunia mama yangu. Nikarudi ndani nikampa fundi lile jani. Nikamwambia, "Kama ni maakuli, basi na yawe ya kijani hiki."

Tulikwenda moja kwa moja kwa Dada. Tulimkuta anafunga masanduku ya ile familia, vyombo vimefungwa magazeti. Mama akamwambia pale pale mlangoni, bila utangulizi, kwamba anamtaka awe mpishi wake dukani, kwa kibali, kwa haki, na chumba cha paa la nyumba yetu kitatiwa kiyoyozi. Dada akakaa juu ya sanduku.

"Mama," akasema. "Na khanga zako?"

"Khanga zangu zina kitanda. Wewe huna. Inuka, mwanangu, usilivunje sanduku la watu."

Kuzikunja khanga na kuzirudisha nyumbani ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na ndiyo siku niliyomwona mama analia. Alizianika kwanza uani, zitoke harufu ya mafuta, kamba baada ya kamba, kisha akazipanga juu ya samadari na asumini katikati, kama baba yake. Alilia bila kuficha, anapangusa uso kwa pindo la khanga aliyovaa, anaendelea kukunja. Baba akakaa naye. Hakumwambia anyamaze, alimshikia pembe za khanga tu.

Duka la maakuli lilifunguliwa na vigae vyeupe ukutani. Mkaguzi alikuja, akatazama, akakubali, akala sambusa mbili, na safari hii alilipa. Mama alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango, kazi yake ni kusalimia. Na Dada asubuhi ya kwanza alitoka nyuma amevaa aproni ya plastiki aliyonunua mwenyewe.

"Vua hilo dude," mama akasema. "Unafanana na muuza samaki."

Akampa doti ya khanga, mpya, ya rangi ya machungwa yenye nakshi za korosho, moja kiunoni na moja begani. Dada akasema itachafuka. Mama akasema, "Ikichafuka utafua, wiki ijayo nakupa nyingine." Naapa hapo mama hakuwa na hila yoyote. Alikuwa anataka tu kuiona khanga mle ndani.

Lakini wanawake wakija kununua bajia macho yao yanakwenda wapi? Siku ile ile wa kwanza akauliza, "Dada wee, hiyo khanga umeipata wapi?" Na Dada, huku anageuza sambusa kwenye karai, akajibu, "Nyumbani kwa mama. Nyumba ya lango la bluu, nyuma ya msikiti. Ukifika utapewa chai."

Walikwenda. Mmoja akamwambia mwenzake. Mama akashtuka, akaanza kumbadilishia Dada khanga kila wiki, halafu mara mbili kwa wiki, anazichagua kwa makini, anamzungusha kumtazama kabla hajamruhusu kuingia jikoni. Hakukuwa na khanga hata moja ya kuuza mle dukani, sheria ilifuatwa sawasawa. Ila mtaa mzima ulijua wiki hii kumeingia khanga gani, kwa kumtazama mpishi. Chumba cha uani kilijaa kuliko kilivyowahi kujaa, tena sasa si wanawake wa kwetu peke yao. Wenzake Dada wa Ijumaa walikuwa wakija kundi zima, wanakaa kwenye godoro na mashangazi zangu, wanapishana kwa maneno, hawa wanasema maandazi na hawa mahamri, wote wanakula.

Nilimweleza mwalimu wangu Msudani habari hii, nikamuuliza ni aina gani. Alicheka peke yake. "Andika," akasema, "kwamba ni duka la maakuli, la mtu mmoja, la kaunta. Na upande wa khanga uache wazi." Nikauacha wazi, na sikuumwa hata kidogo.

Mkaguzi alirudi mwaka uliofuata kukagua. Akatazama rafu, akafungua kabati, akainama chini ya kaunta. Hakuna khanga. Akamtazama Dada, ambaye siku hiyo alivaa khanga ya zambarau.

"Khala," akasema, "na hiyo?"

"Hiyo imevaliwa, haiuzwi," mama akamjibu. "Au baladia siku hizi inakataza watu kuvaa nguo?"

Akakuna shavu. Wiki iliyofuata mkewe na mama yake walikuwa kwenye godoro letu, wanakula vitumbua.

Mtoto mkubwa wa Dada alimaliza kidato cha nne, akaendelea, akawa fundi umeme. Wa pili akasomea ualimu. Dada alikaa nasi mpaka miaka ya elfu mbili ikawa imeshachangamka, na siku alipoondoka aliondoka kwa kutaka mwenyewe, na mabegi yamejaa khanga alizozivaa miaka yote ile, mama hakukubali arudishe hata moja. Kwenye uwanja wa ndege walishikana mpaka baba akawaambia ndege haiwasubiri wao tu. Jiko lilichukuliwa na mpwa wangu, ambaye sambusa zake, Mungu amsamehe, zinanyonya mafuta.

Baada ya mwaka hivi jamaa mmoja alitoka Tanzania akatuletea picha. Mama alikuwa ameshaanza kuvaa miwani minene, akaipeleka picha dirishani. Duka dogo, barabara ya vumbi, mlima nyuma. Khanga zimetundikwa pande zote mbili za mlango. Katikati, juu, bango jeupe, na maneno matatu ya kijani kile cha majani ya mgomba. Hakuna jina la mtu, hakuna maua pembeni.

Mama aliishika ile picha muda mrefu sana. Kisha akaisogeza karibu zaidi na macho, akakunja uso, akaweka kidole kwenye pembe ya chini, pale mlangoni, pembeni mwa khanga zote zile.

"Lahaula! Tazama hapa. Hili si karai?"

Nikatazama. Lilikuwa karai, na chini yake jiko la mkaa, na sinia ya maandazi juu ya stuli.

"Mpigie simu," mama akasema, machozi yanamteremka na kicheko kimemkaba. "Mpigie sasa hivi. Mwambie alitoe hilo karai, khanga zitanuka mafuta, atafungiwa duka!"

Nikampigia. Nikamfikishia maneno ya mama kama yalivyo. Kule Morogoro nikamsikia Dada anacheka, na nyuma yake sauti za watu, na mafuta yanachacharika.

"Mwambie mama shikamoo," akasema. "Halafu umuulize, mimi nitamuuziaje mtu khanga hajala?"